Mti Usio na Mzinga

Jumatatu, 4 Agosti 2003

Mkutano wa kijiji leo. Tumeitwa saa tatu, tumeanza saa sita – mapema kuliko kawaida! Mwenyekiti Emilian amevaa koti la suti na jua lote hili, nikajua kuna mfadhili.

Kweli. Kijana anaitwa Ashrafu, ametoka Singida mjini, ofisi ya mradi. Viatu vimechongoka mbele, vingefaa kupalilia karanga. Anasema tuna bahati. Vijiji vingi vinavyopakana na msitu vimeangaliwa, tumechaguliwa sisi. Chumba chetu cha kusomea kitapewa kompyuta moja, jenereta moja, na CD nne zenye vitabu elfu mbili. Elfu mbili! Akazitoa kwenye mfuko wa shati kutuonyesha. Watu wakapiga makofi.

Halafu likaja somo. Kila kitabu cha karatasi ni mti uliouawa. Tukisoma kwenye kioo tunaokoa msitu. Ndiyo maana mradi unaitwa Okoa Mti. Kisha akagawa vipeperushi vya kueleza ubaya wa karatasi – karatasi nzito, zinang'aa, rangi nne, kila mtu nakala mbili! Wazee wamejaribu kusokotea tumbaku. Haziwaki. Hata kwa hilo hazifai.

Mzee Antipasi akanyoosha mkono. Huo mti wa karatasi unakatwa wapi? Maana yeye amefuga nyuki humu msituni miaka arobaini, hajamwona mtu akikata mti wa mtundu kutengeneza daftari. Kuchoma mkaa, kawaona. Kupasua mbao, kawaona. Daftari, bado. Ashrafu akasema hilo ni swali zuri sana, akamgeukia mtu mwingine.

Sharti limesomwa mwishoni, mbiombio, kama padri mwenye njaa anayemaliza misa. Chumba kiwe "chumba bila karatasi". Yaani vitabu vyangu vitoke.

Nimerudi nyumbani sikula. Mke wangu Dorika kaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo, naumwa maendeleo.

Hili daftari nalo ni karatasi. Asiambiwe Ashrafu.


Jumatano, 6 Agosti

Mashine imefika kwa lori, Fuso. Fuso ni la baba mdogo wake Ashrafu, mwenye kituo cha mafuta mjini. Jenereta limenunuliwa dukani kwa shemeji yake. Zamani tulikuwa na duka moja la ushirika, lilikuwa halina kitu. Siku hizi soko huria, vitu vyote vipo, ila vyote vya ukoo mmoja.

Nimehesabu vitabu. Mia sita na kumi na viwili. Nimevitunza tangu mwaka sabini na tano, wakati wa kisomo cha watu wazima, nikiwa kijana mwenye nywele. Vingine havina jalada, vingine mchwa alionja akaacha. Hakuna hata kimoja kilichowahi kuniambia kimeishiwa mafuta.

Mshahara wangu wa kutunza chumba ni heshima. Mimi ni katibu wa kamati ya msitu pia, huko nako nalipwa heshima. Ukijumlisha, mimi ni tajiri.

Selina amekuja kuazima tena kitabu cha magonjwa ya kuku. Mara ya kumi na moja. Nikamuuliza, kwani kuku wako hawaponi? Akasema wanapona, Mzee Kefa, lakini napenda kukisoma sehemu ya kideri, inanitisha vizuri.

Nimemwandikia tarehe ya kurudisha. Sijui kama chumba kitakuwepo.


Ijumaa, 15 Agosti

Wiki ya kwanza ya elimu mpya. Msomaji mmoja anakaa kwenye kiti, watu thelathini wamesimama nyuma yake wanasoma kisogo chake. Jenereta linaunguruma nje, kwa hiyo mwenye kusoma kwa sauti hasikiki, na mwenye kusoma kimya anadhaniwa amelala. Elfu mbili humo ndani! Mpaka leo kimefunguliwa kimoja, na Mwenyekiti amegundua mchezo wa karata. Anakuja kila siku baada ya chakula. Anasema anajifunza kushika kile kipanya.

Lakini niwe mkweli, humu sina wa kumdanganya. Jana Mzee Antipasi alikuja. Macho yake yana ukungu, mwaka wa sita huu hasomi kitu. Ashrafu akabonyeza mahali, herufi zikakua mpaka neno moja likajaza kioo. Kilikuwa kitabu cha nyuki. Mzee akasoma: NYUKI. Akacheka. Akasoma: MALKIA. Alikaa saa nzima, neno kwa neno, watu thelathini wakamngoja wala hakuna aliyenung'unika. Alipoinuka alikuwa analia, akasema ni ule moshi wa jenereta.

Vitabu vyangu haviwezi hivyo. Nimekasirika siku nzima kwa sababu haviwezi.


Jumapili, 24 Agosti

Petroli imekwisha. Kimya! Kunguru wamerudi kwenye paa.

Mradi ulileta madumu matatu, wakasema ya kuanzia. Ya kuendelea ni "mchango wa jamii". Jamii ndiyo hii, inayochanga mahindi kwa taabu. Kompyuta imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama mgonjwa.

Wiki hii watu wamerudi rafuni kimyakimya, wanaona haya kidogo, kama mume aliyetoka kwa nyumba ndogo. Nimewaazima. Sikusema kitu. Nilisema kidogo tu.


Jumanne, 2 Septemba

Emilian amekuja nyumbani, na Ashrafu nyuma yake. Ashrafu kanipa shikamoo mbili, ya kufika na ya kukaa. Nikajua wana shida kubwa.

Jambo lenyewe ni hili. Fuso la baba mdogo linapita kila wiki. Linaweza kushusha dumu la petroli. Linaweza kupakia magunia ya mkaa. Hakuna fedha itakayoshikwa na mtu, ni kubadilishana tu, dumu kwa magunia. Kinachotakiwa ni kibali cha kamati ya msitu, na kitabu cha vibali ninacho mimi.

Nikauliza polepole, ili masikio yangu yasikie vizuri. Tunachoma miti, tupate mkaa. Tunatoa mkaa, tupate petroli. Tunawasha mashine kwa petroli, tusome, tuokoe miti?

Ashrafu akasema, "Mzee wangu, hiyo ni ya muda tu. Tunasubiri sola. Ikija sola, full kuokoa."

"Inakuja lini?"

"Iko kwenye bajeti."

Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Nikakataa. Ndipo Emilian akavuta kigoda karibu. Ndugu yangu Kefa, akasema, Fuso likikosa mkaa litarudi mjini na nini? Litarudi na vitabu vyako. Mradi unataka vitoke. Mjini kuna mtu anavinunua kwa kilo. Nikauliza, anavisoma? Akasema anauza karanga.

Niliona kurasa zangu zimekunjwa umbo la pembe, zimetiwa karanga na chumvi, ziko stendi, zinatupwa dirishani mwa basi.

"Ukitia sahihi," Emilian akasema, "vinakaa chumba cha nyuma. Nani atajua?"

Nimetia sahihi. Vibali sita, kwa mkono wangu mzuri wa kisomo. Nimeweka sharti, nikajiona mjanja: "Aruhusiwa kukata mti usio na mzinga." Hiyo ndiyo sheria ya hapa tangu enzi za babu zetu. Mti wenye mzinga haukatwi. Hata mzinga ukiwa mtupu, nyuki wamehama, mti ule una mwenyewe. Mchoma mkaa anainua macho kwanza, anatafuta mzinga, ndipo anashika shoka. Nusu ya msitu wetu ina mizinga. Watakata vijiti tu.

Dorika alisikia yote akiwa jikoni. Kaniambia, "Baba Chrispin, umewauzia mbuzi ukawakataza kula nyama." Nimekuja kuandika hapa.


Alhamisi, 11 Septemba

Mashine imefufuka. Inanguruma. Upande wa msitu kuna moshi sehemu tatu, tunajifanya ni ukungu.

Leo Selina ametaka kile cha kideri, akaambiwa asiguse vya chumba cha nyuma, kimo humo kwenye CD, kizuri zaidi, kina picha za rangi. Akasoma dakika kumi, foleni ikamsukuma. Akasema basi apewe, aende nacho nyumbani. Ashrafu akafikiri, akaenda kwenye gari, akarudi na printa. Printa! Sasa kitabu cha kuku kimechapwa upya, kurasa thelathini na moja, upande mmoja tu wa karatasi, herufi kubwa, na ukurasa mzima wenye maneno mawili: Okoa Mti.

Kitabu chenyewe kilikuwa chumba cha nyuma, hatua nne kutoka alipokaa. Nimecheka mpaka nikatoka nje.

Mzee Antipasi hakucheka. Anasema nyuki wanahama, moshi umewazidi. Mizinga kumi na mmoja imebaki mitupu. Nikamwambia pole, watarudi mvua zikianza. Akasema ndiyo, mzinga ukiwepo wanarudi.


Jumamosi, 20 Septemba

Barua! Mkuu wa mradi anakuja tarehe tisa Oktoba kutoka Dar es Salaam, Mama Radhia. Anataka kuona chumba bila karatasi. Ashrafu ametetemeka mpaka amesahau kunisalimia. Jumatatu Fuso linachukua vitabu vyote.

Nikamtafuta Emilian. Nikamkumbusha: nilitia sahihi, vikae chumba cha nyuma. Akasema kweli, na vimekaa. Vimekaa siku kumi na nane. Kwani tuliandikiana milele?

Nimekaa uani nikiwa sina nguvu hata ya kutukana. Mwaka wa ishirini na nane, na vinaenda kubeba karanga! Dorika akatoka na ungo wake, akapepeta kidogo, akasema mambo yote mawili kwa sauti ileile: chumvi imekwisha, na vitabu vifichwe kwenye mizinga.

Mizinga gani?

Ya Antipasi. Si umesema iko kumi na mmoja mitupu? Gogo lililochimbwa, kavu, limepakwa nta ndani, mchwa haliwezi, lina vifuniko pande mbili. Na nani duniani anachungulia ndani ya mzinga akitafuta kitabu?

Nilioa vizuri. Sijamwambia.


Jumapili, 21 Septemba

Nimekwenda kwa Mzee Antipasi baada ya ibada. Nikampa shikamoo, nikamweleza. Mizinga saba kati ya hiyo iko kwenye mtundu mmoja, ule mkubwa wa kwenye korongo. Wa kwanza alitundika baba yake.

"Kushusha mzinga nje ya msimu si vizuri," akasema. "Lakini vitabu ni vya watu. Mvua ikikaribia nitavirudisha juu vyote, mwanangu. Mizinga, siyo vitabu."

Tukacheka. Mchana tukaenda na kamba. Ameshusha mmoja mmoja, mzee wa miaka sabini na kitu, anaongea na mti kwa Kinyaturu kama anaomba ruhusa kwa mwenye nyumba. Tumeburuta kwa mkokoteni wa ng'ombe. Watu wakiuliza, tunasema inatengenezwa.


Jumatatu, 22 Septemba

Wote walikwenda mnadani. Mimi, Dorika na Antipasi tumepakia. Hamsini na kitu kila mzinga, vile vidogo vinaingia vinne vinne. Historia imekaa na Mapishi. Kilimo cha pamba kimelalia Maisha ya Watakatifu. Kuku wa Selina nimewaweka mwishoni mlangoni, asije akawahitaji. Mizinga imepangwa kwenye banda la Antipasi, imefunikwa majani. Vilivyozidi viko chini ya godoro langu, mgongo unaniambia kila nikigeuka.

Jioni Fuso likaja. Nikawapa masanduku manane, yamefungwa vizuri. Ndani ni vipeperushi vya Okoa Mti, na makaratasi ya printa yaliyoharibika. Muuza karanga atapata rangi nne!

Sijafurahi hivi tangu Chrispin afaulu darasa la saba.


Jumatatu, 29 Septemba

Wameukata ule mtundu mkubwa wa kwenye korongo.

Sina la kuandika.


Ijumaa, 3 Oktoba

Nimetaka kuandika mara tatu nikafunga.

Nilikwenda mwenyewe kuona. Kisiki ni kipana, watu watano wangekaa wakacheza bao. Tanuri liko pale pale kando, limefukiwa udongo, linatoa moshi mwembamba. Mchoma mkaa ni kijana mpole, simjui, ameletwa na Fuso. Alinisalimia vizuri. Nikamuuliza kwa nini mti ule. Akanionyesha kibali. Mkono wangu! "Mti usio na mzinga." Akasema, niliinua macho kwanza, mzee, kama desturi. Nilizunguka mara mbili. Haukuwa na hata mmoja.

Haukuwa na hata mmoja kwa sababu niliishusha yote saba nikatia vitabu.

Miezi miwili nimekaa hapa nawacheka. Ashrafu na kipeperushi chake, Emilian na karata zake. Nyani haoni kundule! Nimewahesabia kila jani. Mti mkubwa kuliko yote umeangushwa na mimi, mpenda vitabu, kwa sahihi moja na kamba moja. Hakuna mashine iliyohusika siku ile. Ilikuwa imezimwa.

Mzee Antipasi alikuja leo mchana. Nilimwona tangu kwenye kona, nikatamani kujificha jikoni. Nikatoa shikamoo. Akaitikia marahaba, kama siku zote, akakaa. Dorika akamletea uji.

"Kibali kinasemaje?" akauliza.

Nikamsomea.

"Soma tena, macho yangu unayajua."

Nikasoma tena.

"Umeandika vizuri," akasema. "Mimi pia nimekosa. Mzee mzima ninajua, mti ukiuvua mzinga umeuvua nguo. Nilisahau, maana aliyeniomba alikuwa wewe." Akanywa uji. Halafu: "Na vitabu, vinaendeleaje?"

Nikasema vizima. Akasema vema. Akasema vikae tu bandani kwake, kwa kuwa mizinga haina tena pa kwenda.

Alipoondoka nililia. Dorika akanisogezea kigoda kivulini.


Jumatano, 8 Oktoba

Kesho ndiyo kesho. Kijiji kinafagiliwa mpaka kuku wanashangaa. Visiki vya karibu na barabara vimefunikwa matawi. Mche mmoja wa mwarobaini umeletwa kutoka mjini, kwenye mfuko wa plastiki, mgeni aje aupande. Mmoja! Umekuja na Fuso. Limeshusha mche, likapakia magunia.

Emilian kaniita pembeni. Kitabu cha vibali kisiwe ofisini, Mama Radhia ataingia kusaini kitabu cha wageni, macho hayana pazia. Nikishike mimi. Nikasema nikiweke wapi? Akasema popote, wewe si mtaalamu wa kuficha? Sijui anajua nini.

Kitabu chenyewe ni cheusi, kimeshonwa uzi, vibali kumi na saba sasa. Nilianza na sita. Vingine vilikuja wiki kwa wiki, na kila wiki niliona aibu kukataa cha saba wakati cha sita nimekubali. Nimevihesabu leo kwa mara ya kwanza.

Dorika anasema nikichome. Jiko liko, mkaa upo, akasema. Mkaa upo!

Sikukichoma. Miaka ishirini na nane sijachoma kitabu.


Alhamisi, 9 Oktoba

Saa nne. Niko chumba cha kusomea, pembeni, kwenye benchi la ukutani. Emilian amenitambulisha kama katibu, nachukua muhtasari. Basi naandika, na wote wanadhani ni muhtasari. Kitabu cheusi nimekiweka chini ya daftari hili, ndicho meza yangu. Kiko salama chini ya kiwiko.

Mama Radhia si nilivyomtegemea. Nilimtegemea mwenye viatu kama vya Ashrafu. Ni mtu mzima, kilemba, raba za kutembelea zilizoisha soli. Amempa Mzee Antipasi shikamoo kabla ya kumsalimia Mwenyekiti. Emilian hakupenda.

Rafu tupu imepakwa chokaa. Nzuri. Inanitazama.

Saa tano. Hotuba. Emilian anasema msitu wetu umeokolewa. Ashrafu anasema vitabu mia sita vya karatasi vimeondolewa na kupelekwa panapostahili. Makofi. Mama hakupiga. Anauliza maswali madogo, yanayouma. Jenereta linakula nini? Petroli, mama. Nani anainunua? Michango ya wananchi, mama. Wananchi wanachanga nini? Emilian anasema moyo. Watu wanatazama dari.

Saa tano na nusu. Sasa maonyesho. Mzee Antipasi kakaribishwa kitini, wameona inavutia. Herufi zimekuzwa. Anasoma kwa sauti, na safari hii anasikika, kila mtu amenyamaza. NYUKI. AKI... HAMA...

Jenereta limekohoa. Limekohoa tena. Giza kwenye kioo.

Ashrafu katoka mbio, anatikisa dumu, tunasikia hadi humu ndani. Tupu. Emilian anasema petroli iko njiani, imeshafika Mgori. Mzee bado amekaa pale, uso karibu na kioo cheusi, anangoja neno lirudi.

Mama Radhia kamgusa bega. Kasema basi, tusipoteze muda, nipeni kitabu chochote nimsomee mimi.

Ashrafu karudi na jasho, na bado ana kiburi kidogo. "Mama, humu hakuna karatasi hata moja!"

"Hata kitabu kimoja?"

"Hata kimoja."

"Na hivi sasa, wasome nini?"

Kunguru juu ya paa. Nawaza banda la Antipasi, hatua mia tatu kutoka hapa. Mizinga kumi na mmoja. Naweza kusimama nikaenda kuleta kitabu cha nyuki cha karatasi, kipo, kiko mzinga wa nne. Nikileta hicho nitasifiwa. Nitakuwa mzee aliyeokoa vitabu. Hakuna atakayeuliza mizinga ilitoka juu ya nini.

Selina kainuka. Ewe Selina! Kasema, "Kitabu kipo kimoja, mama. Kile cheusi. Mzee Kefa amekilalia."

Wote wamegeuka. Emilian anakohoa, anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayefukuza nzi. Ashrafu haelewi kitu. Mzee Antipasi kageuza kiti. Hanioni, najua, kwa macho yale mimi ni ukungu tu. Lakini anatazama hapa hapa nilipo.

Mama Radhia anakuja. Mimi bado naandika. Kasimama mbele yangu. Kasema, "Katibu, naomba. Ni kitabu cha nini?"

Kanyoosha mkono.

Naweza kusema ni hesabu za kanisa.

Mzee Antipasi kasema, kwa upole, "Msomee, mwanangu. Una mwandiko mzuri."

Nainua kiwiko.